Jina Lililoisha Muda

Mama Soli hakuwa mama wa mtu. Jina hilo alibandikwa na wateja, likamkaa, naye akazoea kuliitikia. Alikuwa fundi wa viatu, lakini si viatu vya kila mguu. Alishona vya watu ambao miguu yao hailingani: huyu mmoja mfupi tangu kuzaliwa, yule wake ulivunjika ukaungwa vibaya, mwingine umepinda unakanyagia ubavu. Kazi aliirithi kwa baba yake, pamoja na chumba kilichotazama barabara, cherehani nzito ya kushonea ngozi, na rafu zilizojaa kalibu, ile miguu ya mbao inayochongwa kwa kipimo cha mteja. Mtu akiingia mara ya kwanza hushtuka kidogo. Miguu tele, watu hakuna.

Juu ya chumba cha kazi kulikuwa na chumba cha kulala, chenye kitanda, meza na viti viwili. Kimoja alikikalia yeye. Cha pili kilikuwa cha baba, na tangu mzee afariki kilikuwa kimegeuka mahali pa kurundika nguo zilizofuliwa, kwa sababu hakuna aliyekuja kuziondoa ili akae.

Tovuti ilikuwa kazi ya mdogo wake. Huyo tangu utotoni aliitwa Profesa, kwa miwani yake tu, si kwa kingine, kwani darasani alikuwa wa kawaida. Alikuja likizo enzi ambazo baba bado anashona, akamkuta dada yake ameshika simu anamweleza mteja wa mbali namna ya kupima mguu nyumbani kwa kupanga vipande vya mbao chini ya unyayo mpaka nyonga zilingane. Alirudia na kurudia, sauti ikamkauka.

"Dada, haya yote si uyaandike mara moja, kila mtu ajisomee?"

"Niyaandike wapi?"

"Niachie mimi."

Chai haijapoa, Profesa alikuwa amekwisha nunua jina la tovuti, amelipia kwa kadi yake, ameweka anwani yake ya barua pepe ya kazini, amepanga kila kitu. Dada yake aliuliza swali moja tu: "Mimi nibonyeze wapi?" Akaonyeshwa. Hayo mengine hakuyauliza, na mdogo wake hakuyasema.

Mwanzoni Mama Soli alivuruga kweli kweli. Aliweka maandishi meupe juu ya rangi ya njano, mtu akisoma macho yanatoka machozi. Picha alizipandisha kama zilivyotoka kwenye simu, nzito kama matofali, ukurasa unafunguka nusu halafu unakwama kwenye kisigino. Akaweka na muziki unaojipigia wenyewe. Msomaji mmoja akamwandikia: "Mama, nimefungua ukurasa wako kikaoni, bosi akageuka, kikao kizima kikageuka." Muziki aliutoa siku hiyo hiyo. Namba ya simu alikuwa ameiweka chini kabisa, baada ya maelezo marefu ambayo hakuna aliyefika mwisho wake, akaipandisha juu. Hivyo hivyo, kosa kwa kosa, tovuti ikasimama.

Na watu wakaja. Wengine walitaka viatu, wengine walitaka tu kuuliza. Mmoja alijiita Kisigino. Mama Soli hakuwahi kujua kama ni mwanamume au mwanamke, wala anakaa wapi. Kila ukurasa mpya ulipowekwa, Kisigino alikuwa wa kwanza kuandika chini yake: "Umenena, Mama, lakini gundi hiyo kwenye mvua je?" Naye Mama Soli humjibu, Kisigino hujibu tena, mpaka ilikuwa kama mazungumzo ya watu waliokaa kibarazani. Asubuhi, kabla hajafungua mlango wa barabarani, alisoma kwanza kilichoandikwa. Akiwa anapiga msasa alikuwa anatunga jibu kichwani.

Baba yao alipougua, Profesa alitaka apelekwe mji wa mbali alikokuwa anafanya kazi, kwenye hospitali kubwa. Mzee mwenyewe alikataa, akasema anataka kuwa karibu na cherehani yake. Mama Soli akamsikiliza mzee. Mzee alipofariki, Profesa alifika mazishini amevimba macho, na watu wakiwa bado wanajipangusa udongo mikononi, akasema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia, "Ungeniachia nimchukue, leo tungekuwa naye." Shangazi mmoja alijaribu kuwapatanisha, wote wawili wakampiga chenga. Profesa aliondoka bila kuaga, na tangu hapo simu ikawa kimya. Hakuna aliyemfuta mwenzake kwenye simu. Walinyamaza tu, mwaka ukaingia mwaka.

Ndipo asubuhi moja akafungua kompyuta yake akakuta tovuti haipo. Palikuwa na ukurasa mweupe wenye maneno machache: jina hili limeisha muda wake. Alidhani data imekwisha, akanunua nyingine. Akazima kompyuta, akaiwasha. Akajaribu kwenye simu. Maneno ni yale yale. Akaifunika kompyuta kwa kitambaa kama mtu anayemfunika mgonjwa, akateremka kufungua kazi, lakini siku hiyo alikata ngozi kombo mara mbili.

Mtaa wa pili kulikuwa na fundi wa kompyuta, mtu mzima mwenye ndevu za mvi na mdomo usiochoka. Alimkalisha, akatazama, akapiga mluzi.

"Mama Soli, jina la tovuti hununui ukamaliza. Ni kama pango, unalipia kila mwaka. Usipolipa unatolewa vyombo nje."

"Sijawahi kulipa hata siku moja."

"Basi kuna mtu anakulipia. Nani alikufungulia?"

"Mdogo wangu."

"Kwa jina lake? Barua pepe yake?"

"Nadhani."

"Mama, huko ndiko zinakokwenda taarifa zote. Hao jamaa wanakumbusha mara nyingi kabla hawajakata. Lakini wanamkumbusha yeye." Akavuta kiti karibu. "Habari njema ni kwamba wanatoa muda kidogo. Mwenyewe akiingia akalipa, kila kitu kinarudi. Muda ukipita, yeyote anaweza kulichukua jina. Mpigie sasa hivi, hapa hapa."

Mama Soli akatazama kibodi zilizokufa zilizopangwa ukutani. "Hatuongei."

Fundi yule akauliza taratibu, "Na kurasa zenyewe, una nakala?"

"Nakala ya nini? Si zilikuwa humo."

Fundi akamwandikia tu anwani ya kampuni inayouza majina ili ajaribu kuomba mwenyewe.

Aliomba. Aliandika barua ndefu, akaeleza kwamba tovuti ni yake, viatu ni vyake, picha ni za mikono yake. Wakajibu kwa adabu nyingi kwamba wanazungumza na mwenye jina peke yake, na katika kumbukumbu zao mwenye jina si yeye.

Siku zilizofuata alizijua kwa ukimya wake. Simu haikulia. Asubuhi aliamka saa ile ile, mkono ukaenda kwenye kompyuta wenyewe, akaurudisha. Hakuwa amejua jinsi tovuti ile ilivyokuwa imejaza nyumba. Sasa alisikia bomba la jirani, hatua za watu barabarani, saa ya ukutani. Alijikuta anaongea na kalibu. "Wewe mkaidi," aliuambia mguu mmoja wa mbao, "unyayo wako haukai sawa hata nikuchonge vipi." Akasikia sauti yake mwenyewe, akaona aibu kana kwamba kuna mtu.

Mara kwa mara alimuwaza Kisigino. Mtu amezungumza naye kwa miaka, na hana namba yake, hana jina lake, hana sura yake. Kama Kisigino naye alikuwa anafungua ukurasa ule mweupe kila asubuhi, hakuna namna ya kumwambia: niko, sijaenda popote.

Mteja mmoja wa zamani, mwanamke anayetembelea fimbo, alikuja mwenyewe akiwa anahema. Alisimama mlangoni akamtazama kutoka kichwani hadi miguuni.

"Uko hai!"

"Nani kasema nimekufa?"

"Tovuti yako haifunguki. Namba yako nilikuwa naichukua humo humo. Nikasema basi, Mama Soli ametutoka na sikumzika." Akakaa, akaanza kucheka, kisha akajifuta machozi kwa ncha ya mtandio. "Nimelia ndani ya basi, watu wananitazama."

Mama Soli alicheka naye. Yule mwanamke alipoondoka, yeye alipanda juu, akaondoa nguo kwenye kiti cha baba, akazipeleka kitandani, akakaa kwenye kile kiti. Akapiga moyo konde, akapiga simu.

Iliita mpaka karibu kukatika. Aliyepokea alikuwa mke wa mdogo wake.

"Wifi?" Sauti ilijaa mshangao. "Wifi, ni wewe? Kuna msiba?"

"Hakuna msiba. Profesa yupo?"

"Yupo. Siku hizi yupo tu." Wifi yake akashusha sauti. "Hajakwambia? Hapana, angekwambiaje. Kazini walimpunguza. Anaamka, anavaa, anakaa sebuleni na viatu miguuni. Ukimuuliza anasema anasubiri simu. Ngoja nimpe."

Alisikia slipa zikiburuzwa sakafuni, mlango, mnong'ono. Kisha pumzi ya mtu aliyemjua tangu hajaweza kufunga vifungo vya shati.

"Dada."

"Mdogo wangu."

Mama Soli akasema, "Tovuti imezimwa."

"Imezimwa?" Kiti kililia upande wa pili, kana kwamba amesimama ghafla. "Lini? Ngoja. Ngoja, dada." Alisikika akipiga vidole kwenye vitufe, haraka haraka, halafu polepole, halafu kimya. "Mungu wangu. Ile kadi ya mshahara benki waliifunga nilipopunguzwa kazini. Na barua pepe niliyoweka ilikuwa ya ofisini. Taarifa zote zimekwenda huko. Mimi mwenyewe siwezi kuingia."

"Ulikuwa unalipia miaka yote hii?"

"Nani mwingine angelipia?"

"Hata baada ya..."

"Hata baada ya." Akakohoa. "Nilikuwa naisoma, dada. Ule ukurasa wa mtoto mwenye mguu uliopinda, niliusoma nikiwa kazini nikatoka nje kidogo."

Mama Soli akaikamata simu kwa mikono miwili. Alitaka kuuliza kwa nini hakuandika hata neno moja pale chini, pamoja na wenzake, lakini hakuuliza.

Profesa akasema, "Siku ile pale makaburini, dada, mimi..."

"Tuanze na tovuti," alimkatiza. "Hayo mengine yana wakati wake."

Profesa alihangaika. Alivaa koti lake la kazi, akaenda kwenye ofisi yake ya zamani, akangoja mapokezi pamoja na wageni mahali ambapo zamani alikuwa anapita bila kutazama. Aliomba wamfungulie ile barua pepe dakika chache tu. Walimwambia imefutwa, kama zinavyofutwa za wote walioondoka. Aliiandikia kampuni ya majina, akatuma kitambulisho. Wakamwambia watalichunguza ombi lake, na kweli walikuwa wanalichunguza, ila muda haukumsubiri mtu. Asubuhi moja Mama Soli alifungua ile anwani, na badala ya ukurasa mweupe akakuta rangi nyekundu, mipira inaruka, na maneno makubwa yanayomhimiza acheze kamari ashinde leo. Jina lilikuwa lile lile, herufi kwa herufi, lile alilochagua yeye siku ile ya chai. Chini yake sasa kulikuwa na nyuso za vijana wanaomwaga noti.

Alimpigia mdogo wake. "Wamelichukua. Wanachezesha kamari humo."

"Nimeona." Sauti yake ilikuwa imezama. "Dada, nimekuharibia. Ningekuandikishia kwa jina lako tangu mwanzo haya yote yasingetokea. Na nakala sikukufundisha kuweka. Kazi yangu ilikuwa hiyo hiyo, kuwawekea watu nakala. Yako nikaisahau."

"Nami sikuuliza. Nilijua kubonyeza, nikaona inatosha."

"Zile kurasa zimekwenda."

"Picha ninazo kwenye simu. Maneno ninayo kichwani. Ila watu ndio sina."

Profesa akasema, "Una kalamu hapo? Tunaanza upya. Na safari hii mimi sigusi kitu. Nitasema, wewe ufanye."

Wakawa wanaongea kila asubuhi kabla ya mlango wa barabarani kufunguliwa. Dada alimsubirisha hadi chai yake imiminwe. Kwanza barua pepe, yake mwenyewe, kwa jina lake halisi, ambalo ilibidi alitamke herufi moja moja kama mtu anayemtambulisha mgeni. Halafu neno la siri.

"Usiweke jina la baba," Profesa akasema.

"Umejuaje?"

"Kwa sababu na mimi ndilo nililokuwa naweka."

Wakacheka, kwanza mmoja, kisha wote wawili. Halafu wakanyamaza pamoja, na ukimya huo haukuwa kama ule wa miaka. Lakini hakuna aliyeutumia kusema neno juu ya mzee.

Jina la zamani likawa halipatikani, akachagua jingine, refu kidogo, lisilo na utamu wa lile la kwanza. Akalipia mwenyewe. Akaandika upya namna ya kupima mguu, akagundua kwamba safari hii anaandika vizuri zaidi, kwa sentensi fupi. Mdogo wake akamfundisha kupunguza uzito wa picha, kufungua ukurasa kwenye simu ya bei rahisi aone kama unasomeka, kubonyeza kila kiungo mwenyewe kabla hajamwachia mgeni akibonyeze. Watu wa matangazo waliojaza uchafu kwenye sehemu ya maoni walimkera; alitaka kuifunga yote. "Usifunge," Profesa akamwambia. "Weka tu yapitie kwako kwanza. Ukifunga hutamsikia yeyote." Na kila Jumamosi alimtaka aweke nakala ya kurasa zote kwenye kifaa kidogo, akitie kwenye droo ya sindano, asikisahau ndani ya kompyuta ile ile.

"Ukija utaona mwenyewe," alisema Mama Soli siku moja. "Kiti cha baba kipo wazi."

"Nitakuja, dada. Mambo yakikaa sawa."

Mambo yalikaa sawa, ila kwa namna nyingine. Simu aliyokuwa anaisubiri Profesa ililia. Akapata kazi katika kampuni mpya, ya kuondoka nyumbani alfajiri na kurudi amechoka. Simu za asubuhi zikawa za Jumapili, na za Jumapili nyingine zikawa ujumbe mfupi: "Dada, tutaongea. Umeweka nakala?" Mama Soli alikuwa anajibu, "Nimeweka." Alimfurahia kwa moyo wote. Kisha alimimina chai yake, akainywa akiitazama kompyuta.

Tovuti mpya ilikuwa nzuri, safi, nyepesi, na haikuwa na watu. Wateja wa karibu walilijua jina jipya kwa kuambiwa mlangoni. Wa mbali hawakuwa na wa kuwaambia. Waliokuwa wanajua anwani ya zamani walikuwa wanaangukia kwenye mipira na noti. Wengine bila shaka walidhani, kama yule mwanamke wa fimbo, kwamba Mama Soli amewatoka. Chini ya kila ukurasa palikuwa na mahali pa maoni, pako wazi, pamefagiwa kama uwanja wa nyumba inayongoja wageni. Aliweka ukurasa mmoja akaeleza kwamba yuko, na kwamba jina la zamani si lake tena. Hakuna aliyeandika chini yake. Hata hivyo kila wiki aliongeza ukurasa: soli za mvua, visigino vya watoto wanaokua, namna ya kuzoea kiatu kipya bila kuchubuka. Mtu fulani alianza kuuliza bei, kisha mwingine. Polepole, kama mguu uliotolewa bandeji unavyojifunza tena kukanyaga.

Mwaka ulipokaribia kuzunguka, barua iliingia kwenye barua pepe yake. Ilianza kwa jina lake kamili, lile la kitambulisho. Hakuna aliyekuwa amemwita kwa jina hilo tangu baba afariki. Barua ilimkumbusha kwa upole kwamba jina la tovuti yake linakaribia kuisha muda, ikamshukuru kwa kuwa nao, ikamtakia siku njema. Aliisoma yote, pamoja na yale maandishi madogo ya mwisho ambayo watu huyaruka. Akalipia. Kisha, kwa kuwa alilelewa kwamba mtu akikutakia heri unamwitikia, akaandika jibu: "Asanteni sana kwa kunikumbuka. Nami nawatakia siku njema. Kazi inaendelea."

Jibu lilirudi papo hapo. Lilisema anwani hii haipokei barua.

Alitazama maneno hayo. Kisha akacheka, mwanzo kwa pua, halafu kwa tumbo, mpaka akashika meza. Akampigia mdogo wake simu ili amsimulie. Alipokea wifi yake. Sufuria zilikuwa zinagongana nyuma.

"Ameshatoka, wifi. Simu kaiacha. Nimwambie nini akirudi?"

Mama Soli akafikiri. Kile kichekesho, kikipitia mdomo wa mtu wa pili, hakingekuwa kile tena.

"Mwambie nimelipia mwenyewe."

"Hayo tu?"

"Hayo tu. Na wewe habari za hapo?"

Wakasalimiana vizuri, wakaagana. Mama Soli akaosha kikombe, akateremka ngazi, akafungua mlango wa barabarani. Kulikuwa na mwanga mwingi na watu wanapita wakienda kazini kwao. Akavaa aproni, akachukua kalibu ya juu kabisa kwenye rafu, akaipangusa vumbi, akaanza.